Jani la Isale Ndani ya Bahasha

Fundi aliyeitwa kuua mchwa kwenye mbao za dari alifika na dumu la njano lenye mafuta ya taa, akalifungua pale pale barazani. Mimi na Mama tulikuwa tunachambua maharage. Harufu iliponifikia niliacha ungo, nikatoka hadi kwenye ua wa masale, mimea ya majani marefu inayozunguka kihamba chetu, shamba letu la ukoo, nikashika shina moja na kulia kwa sauti. Fundi wa watu akaanza kuomba radhi, alidhani ameniingizia mafuta machoni. Mama akamwambia aendelee na kazi yake, huyu ana msiba wa baba yake. Ilikuwa kweli, tulikuwa tumemzika Baba wiki tatu kabla. Lakini si msiba ulionitoa mbio. Nilikuwa nalilia dumu.

Mliokulia huku juu, kati ya Himo na msitu, harufu hiyo mnaijua. Ilikuwa kwenye vidole vya aliyewasha koroboi, kwenye daftari za hesabu, na mara nyingine hata kwenye mkate uliotoka dukani ndani ya kikapu kimoja na chupa ya mafuta, nasi tukaula hivyo hivyo bila kulalamika. Siku hizi umeme umefika, wanangu hawaijui kabisa, na ukiwasimulia wanacheka. Mimi naijua kuliko ninavyotaka.

Baba alikuwa mpishi wa mlimani. Mtu akisikia habari za Kilimanjaro huwaza waongozaji na wabeba mizigo, mpishi hamkumbuki mpaka njaa imuume. Baba aliweza kuwasha jiko kwenye upepo ambao wewe na mimi tungeshindwa hata kusimama, akatoa supu ya maboga, chapati za maji na chai ya watu kumi na wawili, na bado akawa anatabasamu. Shule alifika darasa la nne. Kiingereza chake kilikuwa cha jikoni tu: maji ya moto, madam, niongeze supu, sir, hakuna tatizo, hakuna tatizo. Kukisoma hakuweza, na hakuona aibu kusema hivyo, kwa sababu nyumbani alikuwa na msomaji wake.

Msomaji huyo ni mimi. Nilikuwa darasa la sita, wa kwanza kwa Kiingereza, na kwa hiyo mfasiri wa ukoo mzima. Wageni walikuwa na desturi ya kuandika barua mwisho wa safari, na Baba kabla ya kuipeleka barua ofisini Moshi mjini alipenda ipitie nyumbani kwanza. Alioga, akavaa shati safi, akaketi kwenye kigoda. Mama aliacha ng'ombe, Bibi, mama yake Baba, alisogea kutoka motoni, nami nikasimama katikati. Barua zenyewe zilifanana zote. Asante kwa mpishi wetu, hatujawahi kula supu nzuri namna hii. Nilizitafsiri na kuongeza chumvi, nakiri. Mgeni akisema supu nzuri, mimi nilisema supu ya ajabu iliyompa nguvu za kufika kileleni. Baba alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akazinakili shukrani zile kwa namna yake: aliirudia sentensi moja tu, kimya kimya, midomo ikicheza. Ofisini wakishazisoma alirudishiwa, akazitia kwenye faili la plastiki la bluu lililokaa juu ya kabati.

Mwaka ule kampuni iliyokuwa ikimwita kwa safari moja moja ilitaka mpishi wa kudumu. Meneja wake, mtu wa Kibosho, Mchaga mwenzetu, alimwita Baba pembeni akamwambia, "Kaka, nikwambie wazi. Jina lako lipo. Niletee barua nzuri ya wageni wa safari hii, halafu tutaongea." Baba alirudi nyumbani akiwa hatembei, anaruka. Kazi ya kudumu maana yake hatasimama tena getini alfajiri pamoja na wanaume mia akinyoosha shingo ili aonekane. Maana yake Mama ataacha kuhesabu safari kwa vidole. Na maana yake, alisema mwenyewe akinishika kichwa, huyu atakwenda sekondari hata kama kahawa itakataa kuzaa.

Wapishi siku hizo walitoka na baadhi ya vyombo nyumbani. Siku moja kabla ya safari Mama aliniambia nimwoshee Baba dumu la maji ya kunywa. Nililikuta limepasuka ubavuni. Nikachukua lile lingine, la mafuta ya taa, yaliyobaki nikayamimina kwenye chupa. Nilijua linavyotakiwa kuoshwa: majivu, sabuni, maji ya moto, mara tatu, kisha linaachwa wazi juani. Lakini wenzangu walikuwa wanacheza rede kwenye uwanja wa kanisa, nawasikia kabisa wakipiga kelele. Nikasuuza mara moja kwa maji baridi ya mfereji, nikafunga kifuniko, nikakimbia. Kwamba dumu la maji limepasuka sikumwambia mtu.

Safari ilichukua siku sita. Baba alirudi Jumamosi mchana, uso umeungua kwa jua la juu, bahasha nyeupe mfukoni mwa shati. Wageni walikuwa wazee wawili, mume na mke. Mume hakufika kileleni, alitapika sana wakamteremsha. "Mlima umemkataa," Baba alieleza, "wengine unawakataa tu. Lakini yule mama ameniandikia. Amenipa mkononi mwenyewe, akasema nimpe bosi wangu. Machozi yalimtoka, jamani." Akaenda kuoga.

Nilipofungua ile barua niliona haianzi kwa asante. Naikumbuka yote mpaka leo. Yule mama alisema kwamba tangu siku ya pili maji, chai na supu vilinuka mafuta ya taa. Alimwambia mpishi mara tatu, na mara tatu mpishi alitabasamu na kusema hakuna tatizo. Mume wake alikuwa ameisubiri safari hii tangu ujana, sasa ni mzee, hatarudi tena, na amenyimwa na mtu asiyejua kuosha chombo. Mtu huyu, aliandika, asiruhusiwe kusogelea chakula cha binadamu. Kisha mwisho akasema: najua maneno yangu ni scathing, na nimekusudia yawe hivyo.

Nilisoma mpaka mwisho bila kutoa sauti. Watu watatu niliowapenda kuliko wote walikuwa wananitazama, na mmoja amevaa shati safi.

"Vipi?" Baba aliuliza. "Ameandika kwa mwandiko mbaya?"

"Kuna neno gumu," nikasema. "Nisubirini nichukue kamusi."

Kamusi yangu ilikuwa zawadi ya shule, haina jalada. Nilijua barua inasema nini, neno lile halikuwa na haja ya kutafutwa. Nililitafuta kwa sababu nilitaka kuwa chumbani peke yangu, na pengine kwa sababu nilitumaini kwamba litageuza kila kitu, kwamba nitakuta maana yake ni utani. Kamusi ilisema: -kali, -a kukosoa bila huruma, -a kuumiza. Chini yake kulikuwa na mifano. Hutumika kwa maneno, kwa hotuba, kwa makala, hata kwa jicho la mtu. Nikasoma mifano ile mara mbili kama mtu anayetafuta mlango.

Nilirudi sebuleni na kusema uongo. Nilisema yule mama anamshukuru mpishi kwa moyo wake wote. Mume wake aliumwa na mlima, lakini chai ya Baba ndiyo iliyomtunza. Bosi afahamu kwamba mtu kama huyu ni nadra. Maneno yalinitoka kwa urahisi, si nilikuwa nimeyatafsiri miaka miwili mfululizo?

"Na lile neno gumu?" Baba akauliza.

"Ni sifa, Baba."

"Sifa gani?"

"Sifa kubwa. Ya juu sana."

"Litamke."

Nikalitamka. Akalirudia. "Skeidhing." Akalijaribu tena taratibu, kama anavyoonja mchuzi. "Skeidhing. Mama, umesikia? Mwanao ni skeidhing." Bibi akapiga vigelegele. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga, na mimi nikacheka nao, Mungu anisamehe.

Nataka mnielewe, ingawa mwenyewe kujielewa kumenichukua miaka. Sikusema uongo kwa kumpenda Baba tu. Ningetamani iwe hivyo. Barua ilitaja mafuta ya taa, na kuisoma mbele ya Mama kulikuwa ni kusema dumu, na kusema dumu kulikuwa ni kusema mimi. Halafu nilikuwa na imani moja ya kitoto: niliamini kwamba neno lisilotafsiriwa halijafika. Maadamu ukali ule ulikuwa umekaa ndani ya Kiingereza, na ndani ya nyumba ile Kiingereza kilikuwa mimi, basi haukuwa umempata Baba. Ulikuwa umesimama mlangoni kwangu, na mimi sitaufungulia.

Jumapili ilikuja kunifundisha. Baada ya ibada huwa kuna mnada wa sadaka pale nje, mtu ametoa kuku, mwingine mayai, mwingine miwa. Baba alitoa mkungu wa ndizi kwa shukrani, akaomba kusema neno. Akawaeleza washarika wote kwamba mgeni amemwandikia barua, na ndani ya barua amemwita neno moja la Kiingereza, neno la juu, skeidhing. Watu wakapiga makofi. Vijana wakaanza kumtania, mpishi skeidhing, mpishi skeidhing, naye anatabasamu. Mchungaji, ambaye Kiingereza alikijua vizuri, alikunja uso kidogo akanyoosha mkono. "Hebu niione hiyo barua." Nilihisi mkojo unanitoka. Baba akasema ameiacha nyumbani, ameifungia, kesho anaipeleka Moshi. Mchungaji akanitazama mimi. Nikaangalia ndizi.

Alasiri yote niliwaza jinsi ya kuiharibu. Kuitupa motoni nisingeweza, alikuwa ameitia chini ya mto wake. Kusema ukweli nisingeweza, nilijaribu mara mbili, mara zote mbili nilifika mlangoni nikaomba maji ya kunywa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na niliona dunia imekwisha. Kesho meneja atafungua bahasha, atasoma, na atakuwa na hasira. Hasira ya meneja ndiyo iliyokuwa mbele yangu, basi. Kitu gani kinazima hasira?

Hapo ndipo nilipokumbuka isale, mmea ule ule wa ua wetu. Miezi michache nyuma jirani yetu mmoja alikuwa amemkosea mwenzake vibaya juu ya mpaka wa shamba, mpaka wakatishiana mapanga. Asubuhi moja mkosaji alimtuma mtu na jani la isale. Yule aliyekosewa alilipokea huku taya zimebana kwa uchungu, na ugomvi ukaishia hapo. Nilimuuliza Bibi kwa nini hakulikataa. "Halikataliwi," Bibi alisema. "Isale likishaingia mkononi mwako, umesamehe. Hata kama moyo haujataka, moyo utafuata baadaye." Nilichokishika mimi ni hicho tu, kwamba jani lina nguvu juu ya anayelipokea. Nusu nyingine ya jambo sikuifahamu kwa sababu nilikuwa mtoto, na Bibi hakuisema kwa sababu hakuna mtu mzima asiyeijua.

Jumatatu asubuhi, Baba akiwa anaoga, nilikata jani dogo kwenye ua, nikalipangusa umande kwa sketi yangu ya shule, nikalikunja mara tatu na kulitia ndani ya bahasha nyuma ya barua. Meneja ni mtu wa huku huku, nilijisemea. Atajua. Atalishika, na akishalishika atafungwa kusamehe. Nilimpa Baba bahasha yake mkononi. "Safari njema, Baba." Akaniaga kwa neno lake jipya akaondoka. Siku nzima darasani sikusikia hata somo moja.

Niliporudi kutoka shule nilimkuta kwenye kigoda uani akimenya ndizi za mtori. Baba nyumbani hakupika. Ilikuwa sheria yake, alisema mikono yake hupumzika huku. Alikuwa bado amevaa shati safi, mikono imekunjwa, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa chini. Alimenya ndizi nzima kabla ya kusema.

"Skeidhing ni nini?"

Niliona kwamba anajua. Hakuuliza kwa hasira, aliuliza kama anavyouliza mtu aliyepotea njia. Nikasema, "Ni maneno makali, Baba. Ya kumkosoa mtu mpaka aumie."

"Linatumika kwa maneno tu? Mtu akiungua na maji ya moto, halisemwi?"

"Hapana. Kwa maneno. Na kwa jicho."

"Ahaa." Akaitia ndizi kwenye sufuria. "Maji ya moto nimeyazoea. Nilimwambia meneja, nikasimama hivi, nikamwambia, bosi, mgeni amesema mimi ni skeidhing. Akacheka. Halafu akafungua akasoma, akaacha kucheka."

Kisha akanieleza yote, polepole, akimenya. Meneja alisoma barua, ikadondoka isale. Akaliokota. Akalitazama kwa muda, akasimama kutoka kitini, kwa sababu isale halipokelewi umekaa. Akasema, "Mzee wangu, nilikuwa nakasirika. Lakini umekuja mwenyewe, umeleta barua mwenyewe, umeleta na isale. Umekubali kosa kama mtu mzima. Nimekusamehe, sina neno na wewe mpaka nife. Ila kazi siwezi kukupa. Hata zile safari moja moja. Mpishi aliyekiri kwamba amewanywesha wageni mafuta ya taa, nitamwambia nini mwenye kampuni?"

Hiyo ndiyo nusu ambayo Bibi hakuisema. Isale ni kukiri. Anayelileta amekwisha kusema nimekosa, hata kama hajafungua mdomo. Bila lile jani Baba angeweza kujitetea. Angeweza kusema wazee huumwa na mlima, angeweza kuita waongozaji waseme, angeweza hata kusema hakuna tatizo. Mimi nilimfunga mdomo kwa mkono wangu, nikamtuma Moshi akiwa amevaa vizuri.

"Ungemwambia hukuliweka wewe," nilisema, nikilia.

"Mtu amesimama amelipokea," Baba alisema. "Amenisamehe mbele ya karani wake. Nitamwambia si la kwangu? Nilimshukuru nikatoka."

Hakuniuliza nani aliliweka. Hakuuliza kwa nini nilidanganya. Dumu hakulitaja kabisa. Alinipa kisu cha pili akasema, "Nisaidie, hizi ni nyingi." Nilimngoja anichape. Nilimngoja siku ile na siku zilizofuata, nilikuwa tayari, ningemletea hata fimbo mwenyewe. Mama na Bibi siku ile aliwaambia tu kwamba kazi amepewa mwingine. Faili la bluu alilitoa juu ya kabati akalitia kwenye sanduku lake.

Alikwenda kupika kwenye shule moja ya sekondari ya bweni kule Himo, ugali na maharage, sufuria kubwa kama pipa, mwiko kama jembe. Nami nikasoma hapo hapo. Miaka minne nilipanga foleni na sahani mbele ya baba yangu. Alinipakulia sawa na wengine, hakunizidishia hata punje, ila alisema "Karibu, madam" na mimi nilisema "Asante." Wenzangu waliyasema vibaya maharage yake, yana mawe, yameungua, huyu mzee alijifunza upishi wapi. Neno la kuyaita maneno yale nilikuwa nalo kichwani. Sikuwaambia kamwe kwamba alijifunza mahali ambapo maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha, kwenye upepo, na kwamba kulikuwa na watu wa nchi za mbali waliolia walipomuaga.

Sasa mimi ni mwalimu wa Kiingereza, Arusha. Neno lile hujitokeza, huwezi kulikwepa, na linapojitokeza naliandika ubaoni kama mengine. Natoa mifano: barua, ripoti, hotuba, jicho. Mwaka juzi binti mmoja aliuliza kama mtu anaweza kuwa scathing bila kusema kitu. Nikamwambia kwa kawaida hapana, linahitaji maneno. Nikatoka nje kidogo nikasingizia kikohozi.

Kila Krismasi sisi Wachaga hupanda nyumbani, na kila Krismasi nilipanda na nia ile ile. Mara tu nikifika nilikwenda uani, nikakata isale, nikalitia mkobani. Leo nitampa. Nitampigia magoti, nitasema, Baba, dumu nililisuuza mara moja nikaenda kucheza. Kisha watoto wa ndugu wanafika, ndafu ya mbuzi mzima inakatwa, pombe ya mbege inazunguka, Baba anacheka na meno yake machache, na mimi naona si saa yake. Nitasema kesho. Narudi Arusha na jani limekauka kati ya kioo na leso. Miaka ishirini na kidogo. Mwezi uliopita walinipigia simu nikiwa darasani, nikafika Baba ameshafunikwa.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayalilia kwenye ua, fundi akipaka mafuta dari. Mama alinifuata. Alikuwa amebeba faili la bluu kwapani.

"Ni dumu, eti?" akaniuliza.

Sikujua kwamba anajua kuna dumu.

"Baba yako alilinusa kambi ya kwanza," Mama alisema. "Mpishi asinuse mafuta ya taa? Alifungua kifuniko akajua. Angemwambia kiongozi wa msafara, mtu mmoja angeshuka kuchukua dumu jingine, kesho yake wangelipata. Akaogopa. Aliona watasema mzembe, na kazi imo njiani. Akatia tangawizi na ndimu, akawaambia hakuna tatizo. Yule mzee alipoanza kutapika baba yako hakulala."

"Kwa hiyo alijua ni mimi niliyeosha."

"Alijua. Na ulipotia lile isale akajua kwamba unadhani kosa lote ni la kwako. Alisema, mtoto wa darasa la sita amekosa dumu, mimi mtu mzima nimekosa watu, halafu nimemwacha abebe."

"Kwa nini hamkuniambia, Mama?"

"Alinikataza. Alitaka akuambie mwenyewe, kwa mkono wake. Kila Krismasi analikata, analitia humu. Ukishaondoka ananiambia, mama, hakukuwa na nafasi, ni mwakani." Akafungua faili. Juu ya barua zote za asante, supu nzuri, chapati nzuri, lilikuwepo jani moja, limekauka, limekunjwa mara tatu. "Hili ni la Desemba iliyopita. Nimetumwa nalo. Simama vizuri upokee."

Nilikuwa nimesimama, lakini nilijisimamisha tena. Nikalipokea kwa mikono miwili. Halikataliwi. "Nimemsamehe," nikasema, na nilivyosema nikasikia kwamba hakukuwa na kitu cha kusamehe na kwamba nimelisema kwa mtu asiyesikia.

La kwangu lilikuwa mkobani, la Desemba ile ile. Niliingia nikalitoa nikamnyooshea Mama. "Na wewe mpelekee la kwangu."

Mama alilitazama. Mikono yake ilikuwa na vumbi la maharage, akaifuta kwenye khanga pande zote mbili, polepole, lakini hakuinyoosha.

"Mimi nitampelekea wapi, mwanangu?"

Fundi akaita kutoka ndani kwamba amemaliza, tufungue madirisha, harufu itakaa siku mbili tatu. Nikaingia kuyafungua, majani yote mawili yakiwa mkononi.